Mke Wangu Ng'ambo ya Mtaro

Mliniacha wiki jana chini ya gari. Bado nipo hapo.

Kwa aliyekosa gazeti, au aliyelifungia maandazi kabla ya kulisoma, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Makori, mwalimu wa historia kule Nyamache, mwenyeji wa Suneka. Marehemu baba yangu, ambaye sote tulimwita Tata, alituachia Peugeot 404 iliyokaa migombani mpaka kuku wakaigeuza nyumba ya kutagia. Rafiki yangu Ogweno, fundi wa gereji mjini Kisii, mtu wa kutoka Homa Bay, akajitolea kuifufua. Alikuwa akija kwangu siku za kazi, mimi nikiwa shuleni, na kila Ijumaa niliporudi nilikuta kitu kipya kimepona. Wiki hii honi, wiki ijayo taa. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa rafiki wa aina hiyo.

Jumapili ile tukaipeleka Nyansiongo, kwenye mkutano wa magari ya zamani. Mama yangu Drusilla alikaa mbele, mahali alipokaa enzi za Tata. Nyuma walikaa mke wangu Nyanchera, ambaye ni nesi wa zahanati, binti yetu Lorna, na Ogweno. Msafara ulitoka Kisii mjini pamoja, lakini gari letu lilikuwa zee kuliko yote na tukawa wa mwisho. Tulipoingia barabara ya murram, isiyo na lami, katikati ya mashamba ya chai, gurudumu la nyuma likapata pancha. Wenzetu walikwenda zao na vumbi lao.

"Mwalimu, ngoja nitafute mawe ya kuzuia magurudumu," Ogweno aliniambia. "Hapa ni mteremko."

Sikungoja. Kutoka uwanja wa mkutano, uliokuwa karibu, nilisikia kipaza sauti kikiyataja magari, moja moja, na watu wakishangilia. Nilitaka jina la Tata litajwe pale. Basi nikapiga jeki mteremkoni, Mama akiwa bado ndani, nikaketi chini na mguu nimeunyoosha chini ya madigadi, lile bati la juu ya gurudumu. Jeki ikateleza.

Msiba wa kujitakia hauna kilio. Mimi nililia hata hivyo.

Gari lilipotua juu ya paja langu, kitu cha kwanza nilichosikia ni Mama akiuliza kutoka kiti cha mbele, "Makori, tayari? Twende?"

Ogweno alitupa mawe yake akaja mbio. Akaingiza bega chini ya bodi, akanguruma.

"Toka! Mwalimu, toka sasa!"

Nilijivuta kwa viwiko. Gari likashuka tena nyuma yangu kwa kishindo. Nikadhani nimepona, nikataka hata kucheka. Kisha nikaona suruali.

Ukingo wa madigadi ulikuwa umeliwa na kutu ukaota meno. Ulikuwa umenichana paja upande wa ndani, na damu haikuwa ikitiririka. Ilikuwa ikiruka.

Nyanchera alikuwa ng'ambo ya mtaro, amempeleka Lorna kujisaidia kwenye michai. Nilimsikia akipiga ukelele.

"Baba Lorna!"

Kwanza alimgeuza mtoto asione. "Lorna, usiangalie nyuma! Kimbia uwanjani, uwaambie kuna mtu anavuja damu, walete ile ambulensi yao! Kimbia, mama!"

Lorna akatoka mbio na viatu vyake vya kanisani. Nikafurahi. Nikajiambia, mke wangu ni nesi, mtoto amekwenda kuita gari, Ogweno ana nguvu. Ni nani mwenye bahati kama yangu?

Nyanchera akaja mbio mpaka ukingo wa mtaro. Ulikuwa mtaro mdogo, mtoto angeuruka. Akauinua mguu auvuke.

Akaurudisha.

"Ogweno," alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Vua shati. Likunje. Weka juu ya kidonda ubonyeze kwa viganja vyote viwili. Weka uzito wako wote. Usiachilie hata akipiga kelele."

Ogweno alifanya hivyo. Nilipiga kelele, naye hakuachilia.

"Hapo sawa, shem?"

"Panda juu kidogo. Hapo hapo. Damu ikipungua usifurahi ukatoa mkono. Ukitoa kabla gari halijafika, amekwisha."

"Sasa kuja ushike wewe, shem. Hii ni kazi yako. Mimi najua oili, sijui damu."

Nyanchera akakaa chini kwenye nyasi, ng'ambo ileile, akajifunika mdomo kwa leso.

Nilidhani ameogopa. Lakini mke wangu amezalisha nusu ya watoto wa Suneka. Aliwahi kumshona mtu aliyekatwa panga, akamaliza, akanawa, akala chakula cha mchana. Damu haimtishi. Basi anaogopa nini?

Mama alikuwa ameshuka garini. Alizunguka taratibu, ameshika bodi ya gari, akaniona, akapiga magoti kichwani pangu. Alianza kuomba. Katikati ya maombi akanyamaza akainua macho.

"Nyanchera," alisema kwa Ekegusii, lugha yetu. "Mumeo yuko huku."

"Namwona, mama."

"Wewe ndiye nesi."

"Ndiyo, mama."

"Basi njoo."

"Siwezi."

Mama akamtazama. Alimtazama muda mrefu mno kwa mtu ambaye mwanawe anavuja damu. Kisha akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, nami nikaelewa alichoelewa.

Wasomaji wa mbali mtaniwia radhi, lazima nieleze. Sisi Wagusii tuna neno, amasangia. Mke akitoka nje ya ndoa, na mume ni mzima, hakuna linaloonekana. Watakula pamoja, watalala pamoja, watakwenda kanisani pamoja. Lakini siku mume atakapougua au kumwaga damu, mke huyo asimkaribie, maana akimkaribia, mume hufa. Ni mpaka aungame kwanza, wazee waitwe, mbuzi achinjwe na wote watakaswe. Ndivyo tulivyolelewa. Nyumba nyingi kwetu hazizungumzi habari hizo, lakini hakuna anayethubutu kuzijaribu.

Mimi ni Msabato, tena shemasi. Darasani niliwahi kuwaambia wanafunzi kwamba amasangia ni hofu ya kale ya kuwabana wanawake. Walicheka na mimi nikacheka. Sasa nilikuwa nimelala chali kwenye murram, namwona mke wangu ng'ambo ya mtaro wa hatua mbili, na kicheko kilikuwa kimeniisha. Mtu hajui anaamini nini mpaka damu iwe yake.

"Mama Lorna," nilimwita. "Njoo unishike mkono."

Akatikisa kichwa.

"Njoo uwatoe hawa wasiwasi. Mama anawaza upuuzi. Ruka mtaro uje."

"Makori, usiniite."

"Kwa nini nisikuite? Wewe ni mke wangu!"

"Kama unanipenda, usiniite!"

Alisema hivyo akalia kwa sauti. Nami nilisikia kitu kikikatika ndani yangu, na kiliniuma kuliko paja. Hakuwa amesema lolote, na tayari alikuwa amesema yote. Angeweza kuvuka. Angeweza kunidanganya, akanishika mkono, akanibusu hata paji la uso, na kama ningekufa wangesema ni gari. Alikataa kuvuka kwa sababu hakutaka nife. Sijui kama kuna mwanamume mwingine aliyepata kupendwa na kusalitiwa kwa tendo moja namna ile.

Ogweno hakuelewa kitu. Ekegusii hakijui zaidi ya salamu na majina ya vyakula. Alikuwa ameinama juu yangu, mgongo wazi, jasho linamtoka, anabonyeza.

"Omera, wanasema nini?"

"Wanaomba," nikamwambia.

"Poa. Waombe. Wewe niangalie mimi. Usilale. Unasikia hiyo spika? Wametaja gari letu."

Ni kweli walikuwa wametaja. Kutoka uwanjani sauti ilikuwa ikiuliza, "Peugeot 404 kutoka Suneka! Suneka mko wapi?" Watu wakapiga honi. Honi za zamani, kila moja na mlio wake. Niliiota siku hiyo tangu msimu wa mvua, na sasa nilitamani wote wanyamaze.

"Tutafika tu," Ogweno akasema. "Hata tukifika kesho, wataona. Gari ya mzee haiwezi kosa kufika."

Nikamtazama rafiki yangu nikaona machozi machoni mwake. Nikamwonea huruma. Nawaapia, nilimwonea huruma.

Mama alikuwa amesimama. Akaenda mpaka ukingo wa mtaro upande wetu, wakawa wanatazamana na Nyanchera, mtaro katikati. Mama ni mzee wa kanisa. Sijawahi kumsikia akitukana. Siku ile pia hakutukana, na nilitamani angetukana.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mama, siyo sasa. Apone kwanza."

"Sikuulizi ili nikuhukumu. Hukumu ni ya Mungu, na mbuzi tutatafuta. Nakuuliza jina."

"Jina la nini, mama?"

"Unajua la nini. Wewe umekaa huko, umefanya vyema, hilo nitalikumbuka. Lakini yule mwanamume naye asimfikie mwanangu. Kesho akiwa kitandani watu watakuja kumwona. Walimu watakuja, majirani watakuja, watu wa kanisa. Nitamjuaje wa kumzuia mlangoni? Nitaje jina nimzuie."

Nyanchera akaanza kung'oa nyasi.

"Ni mwalimu mwenzake?"

Akang'oa jani.

"Ni mtu wa kanisani?"

Akang'oa lingine.

"Ni jirani? Sema, mwanangu! Ni damu ya mumeo ile! Ni baba wa mtoto wako!"

Mimi pia nilikuwa nikipekua nyuso kichwani. Mwalimu mkuu? Daktari wa zahanati, yule mwenye mashati ya kubana? Yule muuza mbolea anayemwita mke wangu "dada" na jicho linasema vingine? Nilimchukia kila mmoja kwa zamu. Mwili ulikuwa unaanza kuwa baridi, lakini wivu ulikuwa na moto wake.

"Nyanchera," nikasema kwa Ekegusii. "Mwambie Mama. Sitakasirika. Nguvu za kukasirika sina."

Hakuniangalia usoni. Aliangalia paja langu, pale mikono ilipokuwa. Nikadhani anaangalia kidonda kama nesi anavyoangalia.

"Shem!" Ogweno akamwita, kwa Kiswahili. "Amekuwa baridi! Macho yanazunguka! Si ukuje umshike kichwa, umuongeleshe? Mimi mkono siwezi toa!"

Nyanchera akasimama.

"Shem, haraka!"

Nilimwona akitazama huku na kule, kwa Mama, kwangu, barabarani ambako gari halikuonekana. Nilimwona akishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akapiga kelele, na safari hii hakutumia Ekegusii, alitumia Kiswahili ili asikie yule aliyekusudiwa kusikia.

"Ogweno, toa mikono! Mwachie! Usimguse, Ogweno, utamuua!"

Ogweno akashtuka lakini hakutoa.

"Shem, umechanganyikiwa? Nikitoa ndio atakufa! Si ni wewe umeniambia nisiachilie?"

"Najua nimesema! Toa! Siyo wewe! Mtu yeyote, lakini siyo wewe!"

Honi za uwanjani zilikuwa zimenyamaza. Nilisikia upepo kwenye michai, na pumzi za Ogweno.

Kuna methali ya nguoni, mnaijua, nitawaachia mjisemee wenyewe. Mimi nilikuwa nikiona siku za kazi. Niliona Jumatatu na Jumanne, mimi ubaoni nafundisha vita vya watu waliokwisha kufa, na nyumbani kwangu mtu amelala chini ya Peugeot ya baba yangu, na mke wangu anamletea chai. Nikaona Ijumaa zote nilizofika nikamkuta akinawa mikono kwa beseni langu, nikamkumbatia. Honi ilipopona, nilimwita ndugu. Taa zilipowaka, nilimfanya Lorna amwite baba mdogo.

Na kwa nini gari lile lilichukua muda mrefu vile kupona?

Ogweno hajui amasangia. Hakuna aliyemweleza. Lakini hakuhitaji kuelezwa mila ili aelewe uso wa mwanamke, halafu uso wa mama, halafu wangu. Akayaona yote matatu. Nilimwona akielewa.

"Makori," akasema. Siku zote aliniita Mwalimu, au omera, yaani ndugu kwa lugha yao. "Makori, sikiliza."

"Usiongee."

"Nitoe?"

Niliangalia mikono yake. Ilikuwa imeingia kwenye damu yangu mpaka kwenye vifundo, na chini ya kucha bado kulikuwa na oili ya gari la baba yangu. Akili ya mwalimu ikasema, mikono hii ndiyo pekee inayokuweka duniani, ishike. Akili niliyonyonya kwa mama yangu ikasema, mikono hii ndiyo inayokuua, hujioni unavyokuwa baridi? Kabla ya ukelele ule nilikuwa na baridi. Baada yake nilianza kutetemeka meno. Ilikuwa damu iliyopungua, au ilikuwa lile neno? Mpaka leo sijui, na wote niliowauliza wamenijibu kulingana na walikosomea.

"Makori, sema. Nitoe ama nishike?"

Sijawahi kumchukia mtu vile. Wala sijawahi kumhitaji mtu vile. Nilitaka kumtemea mate, mdomo ulikuwa mkavu. Nilimfikiria Lorna akirudi mbio na viatu vyake vya kanisani, akikuta nini.

"Shika," nikasema.

Na asije akadhani nimesema kwa udhaifu, nikauinua mkono wangu wa kulia, nikauweka juu ya yake, nikakandamiza. Mtu na mwizi wake tukawa tunaziba tundu moja. Yeye akaanza kulia waziwazi, kamasi zinamshuka, anasema maneno ya kwao ambayo sikuyajua na sikutaka kuyajua.

"Usilie juu yangu," nikamwambia. "Bonyeza."

Hapo ndipo nilipomwona Mama.

Alikuwa ametoka kule mtaroni anakuja. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuwa na ule uso aliokuwa nao nilipougua surua nikiwa mtoto, alipokesha akinipangusa. Akapiga magoti mbele ya Ogweno.

"Mama, usimguse," nikasema. "Amenishikia damu. Mama, nitakufa."

"Utakufa akiendelea kukushika," akasema kwa upole. "Nilimzika baba yako. Wewe sitakuzika."

"Mama, hayo ni ya kale! Wewe ni mzee wa kanisa!"

"Leo mimi ni mama yako."

Nikageuza kichwa kumtafuta Nyanchera. Nesi wangu. Yeye alijua kitakachotokea mkono ukitoka, alikuwa amekisema kwa kinywa chake. Alikuwa amesimama kwenye ukingo kabisa, vidole vya miguu vikining'inia juu ya mtaro. Akafungua mdomo kumzuia Mama. Sauti haikutoka. Akaufunga.

"Mathe, tafadhali," Ogweno alisema. "Nipige baadaye. Niue baadaye. Wacha gari ikuje kwanza."

Mama aliuondoa mkono wangu kwanza, taratibu, akauweka kifuani pangu kama anayenilaza. Sikuwa na nguvu ya kuurudisha.

Kisha akashika kidole gumba cha Ogweno, akaanza kukibandua.